Nusu ya Mbeleko

Basilia Huamán wa Keswapata, kijiji cha juu milimani, alikuwa na kichwa kigumu, na silisemi hili kwa kumsengenya. Mwenyewe alilisema, tena kwa majivuno, kama mwingine anavyojisifia ng'ombe. Miaka tisa hakukanyaga soko la Jumapili la Chinchero, ingawa kwa miguu ni saa tatu tu kutoka kwake. Viazi vyake alivipeleka upande wa Lares, mbali zaidi, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia mahindi ya Lares ni matamu. Uongo mtupu. Alikuwa anamkimbia mwanawe.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, barafu ikiwa bado haijayeyuka kwenye majani, alishuka. Mgongoni alibeba gunia la moraya, viazi vyetu vyeupe vilivyogandishwa na kukaushwa, na kifuani, chini ya shali, alificha nusu ya mbeleko.

Mbeleko ya kwetu haifumwi kipande kimoja. Mfumaji hujifunga nyuzi kiunoni, na upana wa kiuno ndio upana wa nguo. Basi hufuma vipande viwili pacha, kisha vikashonwa katikati. Kule Keswapata, msichana akikaribia kuolewa, mama hufuma nusu moja na binti hufuma nyingine, na siku ya kumtoa, mama huchukua sindano akaziunga mbele ya watu. Nusu peke yake si nguo. Haivaliki, na mtoto haibebi.

Nusu hizo, miaka tisa nyuma, Basilia na binti yake Marleni walizianza siku moja, nyuzi zimefungwa kwenye nguzo moja uani, kila mtu na upande wake. Siku ya tatu ikanyesha mvua ya mawe. Basilia akakimbia kuingiza kondoo, na aliporudi, vidole vikiwa vimekufa ganzi, akaruka mstari. Katika pambo la mto linalopinda kutoka mwanzo wa nguo hadi mwisho wake, mto ukakatika. Mfumaji mwingine angefumua. Basilia akasema haionekani, akaendelea, binti yake akiwa bado hajaufikia mstari ule.

Wiki ileile akaja Wilber. Kijana wa bondeni, Urubamba, kwenye mahindi na jua, na wazee wake walikuja naye kama inavyotakiwa: chupa ya pombe ya miwa, majani ya koka kwenye kitambaa, maneno laini. Basilia alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu duniani. Aliogopa kubaki peke yake kule juu na upepo. Lakini badala ya kusema anaogopa, alisema ana dharau. Akaimwaga chupa yote kizingitini.

"Watu wa mahindi nyie," aliwaambia, "mnalala mchana kama paka. Mwanangu mimi hamumpati."

Wazee wakaondoka na kofia zao mkononi. Usiku wa manane ulipofika, Marleni alikuwa ameshakunja nusu yake, haijaisha, vijiti vikiwa bado ndani.

"Mama, wewe hata kosa lako mwenyewe hukulifumua," alisema mlangoni. "Kiburi hicho kitakuja kukuzika."

"Nenda! Na nusu yangu huioni. Siku ukizaa, mtoto utambeba kwa mikono mitupu."

Marleni akaenda, bondeni kwa Wilber. Tangu hapo jina lake likawa haramu nyumbani kwa Basilia. Jirani aliyethubutu kulitaja alionyeshwa njia, na watu si wajinga, waliacha kulitaja.

Sasa, kwetu mzazi wa msichana haombwi mara moja akakubali. Hata anayetaka hukataa kwanza, asije akaambiwa alikuwa na njaa ya mkwe. Mara ya kwanza anakataa, ya pili anachukua chupa lakini hafungui mlango, ya tatu anafungua. Hayo Basilia aliyajua kama anavyojua kuhesabu nyuzi. Ndiyo maana, mwezi wa pili mwaka huu, mvua inanyesha kama mbingu imetobolewa, aliposikia mtu anabisha na kuchungulia ufa wa mlango akaona kofia ya Wilber inachuruzika maji, moyo wake uliruka kwa furaha. Miaka tisa, lakini amerudi. Mara ya pili!

"Mama Basilia! Fungua, nina neno."

"Neno gani? Maneno yako nayajua."

"Fungua mama, tafadhali. Ni juu ya Marleni."

"Kama ni juu ya Marleni, basi mwambie Marleni aje mwenyewe!"

Nje ikasikika mvua tu. Basilia alikuwa anatabasamu huko ndani, amejiziba mdomo kwa shali. Baadaye akasikia miguu ikishuka kwenye tope. Alipofungua, juu ya jiwe la kizingiti palikuwa na chupa ya pombe ya miwa na kitambaa chenye majani ya koka. Safari hii hakumwaga. Aliimwagia ardhi tone lake kwanza, kama adabu inavyotaka, halafu kila jioni akawa anajimiminia kifuniko kimoja, anakunywa peke yake kwa afya ya bibi arusi.

Akangojea mara ya tatu. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita, wakati wa kuvuna viazi ukaja na kwenda. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Basilia liliuma hasa. Mpaka usiku mmoja akajiuliza kitu ambacho hakuwahi kujiuliza maishani: "Na kama wananingoja mimi?" Asubuhi ya Jumapili akachukua nusu yake, sindano, na uzi mwekundu alioutia rangi kwa vidudu vya dungusi kakati, mmea ule wa miiba, akashuka.

Sokoni upande wa kwanza ni wauza kazi za mikono: shali, kofia, mikanda, vibuyu vya kuchonga, na wazungu wenye kofia mpya wanaoshika kila kitu. Njia ya kwenda kwenye vyakula inapita hapohapo. Mama mmoja mchuuzi aitwaye Nely, mwenye meno mawili ya dhahabu, aliiona ncha ya ile nusu imechomoza.

"Mama yangu, hebu leta nione. Uuu! Hii ni ya kizamani. Iko wapi pacha yake?"

"Iko kwa mwenyewe."

"Nusu haina kazi, bibi. Niuzie, nitaikata, nitatoa mikoba minne. Wazungu wanaipenda mikoba."

"Kakate sketi yako."

Wauzaji wa jirani wakacheka, na Nely mwenyewe akacheka. Basilia akapita kichwa juu. Siku nyingi hakuwa amejisikia mwepesi namna ile. Harufu ya supu ya unga wa mahindi ilimpokea, na ya viazi vya kuchoma, na watu wa juu walikuwa wamekaa mstari mmoja na watu wa bonde mstari wa pili, wakibadilishana kama walivyobadilishana mama zao: sahani ya viazi kwa sahani ya mahindi, na nyongeza kwa kiganja.

Alimtafuta Teofila. Huyo alikuwa kasera wake, mtu wake wa sokoni, miaka ishirini walibadilishana viazi na mahindi bila kupunjana, kabla Basilia hajaanza kupeleka miguu yake Lares. Na ilijulikana kwamba Marleni, tangu ahamie bondeni, alikuwa akikaa ubavuni pa Teofila akiuza maharage mapana ya kuchemsha na jibini. Hilo moja Basilia alilisikia akanyamaza, lakini alilihifadhi.

Teofila alikuwepo, mnene vilevile, lundo la mahindi mbele yake. Pembeni yake palikuwa na nafasi tupu, na katikati ya nafasi hiyo jiwe, kama tunavyoweka tusipotaka mtu achukue mahali pa mwenzetu. Amekwenda kuchota maji, Basilia akawaza. Akashusha gunia.

"Kasera! Hunijui? Au macho nayo umeyauza pamoja na mahindi?"

Teofila alikuwa na mdomo unaojulikana soko zima. Kwa matani kama hayo angejibu mara tatu.  Sasa alimtazama Basilia kuanzia kwenye kofia mpaka viatuni.

"Umekuja leo," akasema mwishowe. "Leo, Basilia."

"Nimekuja. Usinifokee, nimeshajifokea mwenyewe njia nzima. Ee, wamengoja, hata mimi nimengoja, sasa yaishe." Akaitoa ile nusu kifuani, akaikung'uta. "Unaona? Na sindano ninayo. Mwite mwanangu aje na yake, nishone hapahapa mbele yako. Uwe shahidi."

"Unanifanyia mzaha?"

"Mzaha wa nini? Amekwenda wapi, mtoni? Namngojea."

Akakaa kwenye ile nafasi, karibu na jiwe, akaanza kuvuta uzi kwenye sindano huku akiukodolea macho. Teofila alimtazama akihangaika na tundu la sindano. Hasira aliyokuwa nayo ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Basilia. Wilber hakuja kwako? Mwezi wa pili, siku za mvua?"

"Alikuja. Chupa aliiacha, na koka. Nikaipokea! Lakini mara ya tatu mbona hakuja? Vijana wa siku hizi hawana subira."

"Hukumfungulia?"

"Mara ya pili hufungui, Teofila. Umesahau mila?"

Teofila akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Aliposema, alisema taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyungu.

"Kasera wangu, ile haikuwa chupa ya kuposa. Ilikuwa ya kukuita mazikoni."

Basilia aliendelea kulitafuta tundu la sindano.

"Uchungu ulimshika usiku, Jumatano, barabara imekatwa na maporomoko, gari halipiti. Wilber akamfunga kwenye machela na ndugu zake wakambeba kumleta zahanati ya hapa Chinchero. Hawakufika. Mtoto naye hakulia. Alfajiri Wilber akapanda kwako peke yake kwenye mvua ile. Aliporudi akasema, mama amekataa, amesema Marleni aje mwenyewe. Tukajua unajua. Tukasema, kweli duniani kuna watu na viatu." Akafuta uso kwa shali. "Mimi mwenyewe nilikulaani, Basilia. Siku tano mfululizo nilikulaani."

Chupa ya kuposa na chupa ya msiba ni chupa ileile. Koka ni ileile, kitambaa ni kilekile. Kwetu jambo lolote zito, la kuoza au la kuzika, huendewa hivyohivyo, na anayeletewa hufungua mlango ili aambiwe ni lipi. Basilia hakufungua. Alikunywa pombe ya msiba wa mwanawe kifuniko baada ya kifuniko, mwezi mzima na siku kadhaa, akitabasamu. Wale majirani wa Keswapata waliopata habari walidhani anazo, na jina hilo walikuwa wamekatazwa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basilia alipewa vyote viwili kwa dakika moja, majuto na mjukuu, na mjukuu alikuwa ameshazikwa.

Hakupiga kelele. Watu wanaomjua walitegemea kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo: "Mtoto alikuwa nani?"

"Wa kike."

"Mlimzika wapi?"

"Pamoja na mama yake. Tulimweka kifuani, mikononi mwake. Hapakuwa na mbeleko ya kumfungia, maana ile ya dukani aliyoinunua Wilber ilikuwa imelowa damu yote."

Mikono mitupu. Basilia aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka miaka tisa, na akainama mpaka paji lake la uso likagusa lile jiwe.

Teofila alimwacha. Wateja wawili walikuja kutaka mahindi, akawafukuza kwa mkono. Baada ya muda mrefu akaingiza mkono chini kabisa ya gunia lake la mahindi akatoa kifurushi kilichofungwa kwa plastiki.

"Siku ya tano tulifua nguo zake mtoni, tukazichoma, ili azipate huko aliko. Hii hatukuweza kuichoma. Nusu si nguo. Wilber alipokuwa anaenda Quillabamba kwenye vibarua vya kahawa, aliniachia. Akasema, yule mama akishuka siku moja, mpe. Asiposhuka, nizikwe nayo mimi."

Ilikuwa nusu ya Marleni, imekwisha kufumwa, pindo limefungwa. Basilia aliitandaza juu ya magoti, ubavuni mwa ile yake, na vidole vyake vikaanza kuikagua bila yeye kuvituma, kama vilivyofanya tangu Marleni ana miaka saba. Nyuzi zilikuwa zimebanwa sawasawa. Rangi imekaa. Mto ulipinda vizuri, ukapinda tena, na tena, halafu pale katikati ukakatika.

Alihesabu. Akahesabu upya kuanzia upande wa pili. Mstari ulioruka kwa Marleni ulikuwa uleule ulioruka kwake siku ya mvua ya mawe. Marleni hakuwahi kuruka mstari maishani. Alikuwa amekaa huko bondeni, peke yake, akafika mahali pale na akakosea kwa makusudi, kusudi siku nusu zikiungwa, kosa la mama likutane na la kwake na lisionekane kuwa kosa. Alipoziweka pamoja, ile mito miwili iliyokatika iliacha katikati yao nafasi ndogo yenye pembe nne, na mtu asiyejua angedhani ni kisima.

"Alikuwa ananingoja," Basilia akasema. "Teofila, alikuwa ananingoja." Hapo ndipo alipolia, na alilia vibaya, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, kama watoto wanavyolia.

Alipomaliza alimwomba Teofila amtilie uzi kwenye sindano, kwa kuwa hakuona. Kisha akashona. Alishona saa nzima na zaidi, pale sokoni, kwa mshono wa kupishanisha ambao tunautia kwenye mbeleko za harusi tu, mwekundu unaopanda na kushuka. Soko lilikuwa na kelele zake. Mtu aligombania bei ya nguruwe, redio ya kinyozi ilipiga muziki wa sherehe. Nely wa meno ya dhahabu alipita kununua supu, akasimama.

"Kumbe pacha yake imepatikana! Mama yangu, hiyo sasa si ya mikoba. Nitakupa soli mia nne. Haya, mia tano, na shali juu."

"Haiuzwi, binti yangu," Basilia alisema bila kuinua kichwa. "Mwenyewe ana mtoto, na huko kuna baridi."

Nely akamtazama Teofila, Teofila akatikisa kichwa, na Nely akaondoka na bakuli lake.

Uzi ulipokwisha, Basilia aliukata kwa meno. Mbeleko ilikuwa nzima. Aliinuka, akajifunga mgongoni, akaikaza kifuani kwa fundo, akajitikisa kidogo kama tunavyofanya kuona kama itashika. Ilishika. Alisimama nayo hivyo kwa muda, mgongo ukiwa umeinama mbele kidogo, mikono ikishikilia chini ambapo hapakuwa na kitu.

Teofila aliacha mahindi yake bila mlinzi, jambo ambalo hajawahi kulifanya wala hajalifanya tena, wakashuka wote wawili mpaka mtoni pale walipofulia nguo mwezi wa pili. Waliwasha moto wa matawi ya mkaratusi. Basilia aliifungua mbeleko mgongoni, akaitandaza juu ya moto. Hakuikunja, ili Marleni asipate kazi ya kuikunjua. Sufu haiwaki haraka. Inajikunja kwanza na kunuka kama nywele, na alisimama karibu kabisa mpaka Teofila akamvuta shali nyuma. Jivu walilitia mtoni.

Makaburi ya Chinchero yako juu ya barabara. Teofila alimwonyesha kilima cha udongo chenye msalaba wa mbao na kopo la maua yaliyokauka, akarudi nyuma hatua chache, akageuka upande mwingine. Basilia alipiga magoti. Alikunja ngumi, akagonga udongo, kama mtu anavyogonga mlango wa watu.

"Marleni," aliita. "Fungua, mwanangu. Nimekuja mwenyewe."

Upepo wa saa tisa ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kwenye milima. Akagonga tena, mara ya pili. Kisha akakaa kitako pembeni, akakusanya sketi zake miguuni, akangoja kidogo kabla ya kugonga mara ya tatu.